Vyombo vya Chombo: Maoni juu ya Istilahi za Mtandao wa Elektroniki Botini

Dodoma haina bandari, lakini meli imewahi kupita hapa. Mwaka 1913 iliundwa Papenburg, Ujerumani, meli iliyoitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa njia ya bahari, kisha ikavushwa uwanda huu wa kati kwa reli hadi Kigoma. Huko ndiko ilikounganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Baadaye ilipewa jina la Liemba. Msomaji hahitaji kuwa mhandisi ili atambue kwamba kazi ya namna hiyo hutegemea alama za makasha. Makasha mawili yenye alama moja yangetosha kuwakwamisha mafundi ufukoni, hata kama kila kipande kilikuwa kimefika salama.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu maneno ya ufundi ni alama za makasha. Miezi michache iliyopita ililetwa mezani petu rasimu ya mwongozo wa kufunga mtandao wa elektroniki katika boti ndogo, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya mafundi wa maziwa na wa pwani. Ofisi iliyoileta hatutaitaja, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Kiswahili cha rasimu hiyo ni fasaha, upatanisho wa sentensi hauna kasoro, na mfasiri amejitahidi kutokimbilia maneno ya kigeni. Hata hivyo hatukuweza kuipitisha. Katika makala haya tunaeleza kwa nini, maana kosa tuliloliona humo si la mfasiri mmoja. Ni kosa letu sote tunaounda istilahi tukiwa tumeketi.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Zamani boti iliyokuwa na rada, dira ya elektroniki na kifaa cha kupimia kina ilihitaji waya mbalimbali kutoka kifaa hadi kifaa. Mwaka 1983 chama cha Marekani kiitwacho National Marine Electronics Association kilitoa kanuni ya NMEA 0183, ambayo kwayo kifaa kimoja husema na vingine husikiliza tu. Kanuni iliyofuata, NMEA 2000, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, imejengwa juu ya mfumo uliobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani katika miaka ya 1980 kwa ajili ya magari. Kwa kanuni hii kebo moja hupita botini kutoka ncha hadi ncha, na kila kifaa huunganishwa nayo kwa kipande kifupi cha kebo kisichozidi mita 6. Vifaa vyote husema na kusikiliza katika kebo hiyo hiyo, kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde. Katika boti ndogo umeme wa volti 12 huingizwa mahali pamoja tu, kupitia fyuzi. Na katika kila ncha ya kebo hufungwa kikinza cha omu 120, ili mawimbi ya taarifa yakifika mwisho yasirudi nyuma na kuyavuruga yanayofuata.

Kazi hii si ngumu kwa fundi mzoefu. Lakini ni kazi isiyosamehe, kwa kuwa mtandao uliofungwa vibaya aghalabu haufi mara moja. Huonekana mzima ufukoni, kisha kifaa kimoja kikatoweka katika skrini boti ikiwa katikati ya maji, usiku.

Tukianza na neno linalobeba kazi yote, yaani "chombo". Rasimu ina sentensi hii: "Zima vyombo vyote vya chombo kabla ya kuondoa chombo." Msomaji aitazame vizuri. Chombo cha kwanza ni kifaa cha elektroniki. Cha pili ni boti. Cha tatu hakijulikani. Je, fundi anakatazwa kuchomoa kifaa wakati umeme unawaka, au nahodha anaambiwa azime kila kitu kabla ya kuing'oa boti bandarini? Maagizo hayo mawili ni tofauti kabisa, na la pili laweza kuleta maafa. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa nahodha ni mmoja. Vyombo ndivyo vilivyozidi.

Yumkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba muktadha utaamua, na kwamba Kiswahili kimeishi na neno "chombo" kwa karne nyingi, jikoni na baharini, bila kuzamisha mtu. Hoja hiyo ina nguvu katika hadithi, ambamo msomaji hufuatana na maneno tangu mwanzo hadi mwisho. Haina nguvu katika mwongozo wa kazi. Fundi husoma sentensi moja, huweka kitabu chini, huinama chini ya sitaha na bisibisi mkononi, kisha hurudi kusoma sentensi nyingine. Kila sentensi huifikia akili yake ikiwa peke yake, na kama haijitoshelezi, hakuna jirani wa kuisaidia. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika fani hii "chombo" libaki kuwa jina la kinachoelea, kama lilivyo kwa wanamaji, na kila kinachochomekwa katika mtandao kiitwe "kifaa". Injini na jenereta ziitwe kwa majina yao.

Neno la pili ni "mtandao" lenyewe. Limetokana na kutanda, nalo ni zuri. Tatizo ni kwamba tangu simu za mkononi zienee, mtandao kwa mvuvi ni mawimbi ya simu. Akisema "huku hakuna mtandao", hazungumzii kebo. Rasimu inapoagiza "hakikisha mtandao upo kabla ya kuondoka", mvuvi atainua simu yake juu, ataona alama za mawimbi, naye ataondoka akiwa ametimiza agizo. Hatuoni haja ya kulitupa neno hili, maana limekwisha kuenea. Twashauri tu kwamba lisiachwe peke yake: liandikwe "mtandao wa boti" kila linapotokea, bila kuchoka.

Ama kuhusu kebo inayopita ncha hadi ncha, mfasiri ameiita "uti wa mgongo". Hapa ameifuata sitiari ya Kiingereza, na sitiari hiyo inaeleweka kwetu pia. Lakini boti tayari ina uti wa mgongo, nao ni mkuku. Mwunda boti anayesoma "usitoboe uti wa mgongo" atafikiri juu ya mbao, naye atakuwa amefikiri vizuri. Tunapendekeza "kebo kuu". Ni jina la kawaida mno, lakini halina mwenzake botini.

Vipande vifupi vinavyoiendea kebo kuu vimeitwa "michepuko". Tuliache kando kwamba neno hilo mtaani limekwisha kupewa kazi nyingine, na kwamba mwalimu atakayelitamka darasani atapoteza dakika tano za kipindi. Kosa kubwa zaidi ni la maana. Njia ya mchepuko huiacha njia kuu na kuirudia mbele, ilhali kipande hiki hakirudi popote. Huishia katika kifaa. Neno "tawi" linafaa zaidi, ila nalo lina hatari yake, kwa kuwa tawi la mti huzaa tawi jingine. Hata reli yetu hapa ni hivyo: Tabora huzaa njia ndefu iendayo Mwanza. Mtandao wa boti haukubali tawi refu wala tawi juu ya tawi. Kwa hiyo tumelichukua "tawi", kwa sharti kwamba fasili yake itaje mambo mawili pale pale: lisizidi mita 6, na lisizae. Kiungo cha njia tatu kinachoiunganisha kebo kuu na tawi, ambacho mfasiri amekiita "kiungo-utatu", tunashauri kiitwe "tii", kama mafundi bomba wa nchi hii wanavyokiita chao tangu zamani. Fundi akiambiwa "lete tii" ataleta. Akiambiwa "lete kiungo-utatu" atauliza.

Sasa tuje kwenye neno lililotufanya tusimamishe rasimu yote. Kwa kuwa hapa uwandani hatuna ziwa wala bahari, na bwawa la Mtera liko mbali na ofisi, tuliamua kuifanyia rasimu jaribio juu ya meza. Tulipata kebo, tii nne, betri, kifaa kimoja cha GPS na skrini ndogo. Tukamwita fundi umeme wa magari wa hapa mjini, mtu anayeifahamu kazi ya waya kuliko sisi, tukampa rasimu na kumwomba afuate maneno yake tu, asitumie ujuzi wake mwingine. Alifanya kazi kwa uangalifu mkubwa. Alipowasha umeme, GPS ilionekana katika skrini, ikatoweka, ikarudi, ikatoweka tena.

Kulikuwa na nini? Rasimu imewaita "vizibo" vitu viwili. Kuna vifuniko vinavyozuia maji na vumbi kuingia katika tundu la tii lisilotumika. Na kuna vile vikinza vya omu 120 vya kwenye ncha. Kwa umbo vinafanana, kwa kuwa vyote husokotwa mwishoni mwa tundu. Kwa kazi havifanani hata kidogo. Kifuniko hakina umeme ndani yake. Kikinza ndicho kinachoyameza mawimbi. Fundi alikuta vifuniko karibu na mkono wake, akavifunga katika ncha zote mbili, akaona vimekaza vizuri, akaendelea. Tulipomwonyesha kosa, alituangalia kwa upole akasema, "Mwalimu, kitabu kimesema weka kizibo, nami nimeweka kizibo." Hatukuwa na jibu, maana hakuna aliyekosa isipokuwa kitabu.

Kwa hiyo twasema "kizibo" kibaki jina la kifuniko, kwa kuwa ndiyo kazi yake halisi: huziba. Kile cha kwenye ncha kiitwe "kikinza cha mwisho", kutokana na kitenzi "kinza", ambacho walimu wa fizikia wamekizoea katika neno "ukinzani". Faida ya jina hili ni kwamba linamwambia fundi la kufanya. Kilicho kikinza chaweza kupimwa, kizibo hakipimwi. Umeme ukiwa umezimwa, fundi aweke mita yake kati ya waya mweupe na waya wa buluu. Ikisoma takriban omu 60, vikinza viwili vipo. Ikisoma 120, kimoja kimekosekana. Ikisoma 40, kuna cha tatu kilichofichika mahali. Hesabu hiyo fupi, ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuithibitisha, haimo katika rasimu. Wala isingeweza kumo, kwa sababu hakuna anayepima vizibo.

Tuna maneno mengine matatu ya kuyaeleza kwa ufupi.

La kwanza ni "mgongano". Rasimu inalitumia kwa taarifa mbili zinazotumwa kwa wakati mmoja katika kebo. Lakini botini mgongano ni jambo la chombo na chombo, na rada hupiga kengele kwa ajili yake. Hatutaki nahodha aone katika skrini "tahadhari ya mgongano" asijue kama atazame waya au atazame mbele. Isitoshe, katika mfumo huu taarifa hazigongani kwa maana ya kuharibiana. Ni kama wazee wawili waliofungua kinywa pamoja barazani: mwenye jambo zito huendelea, mwenzake hunyamaza na kungoja zamu, wala neno la yeyote halipotei. Hilo ni "kupishana", nasi twapendekeza liitwe hivyo.

La pili ni "ardhi". Fundi wa nyumba hapa Dodoma akiambiwa aunganishe waya na ardhi, huchimba shimo, huzika fimbo ya shaba, na kiangazi humwagia maji udongo ili upitishe umeme. Botini hakuna ardhi ya kuchimba, na kwa mwanamaji "kufika ardhini" ni kupwelewa. Mafundi wetu wote, wa nyumba na wa magari, husema "ethi". Neno hili limekwisha kuvaa sauti ya Kiswahili, nasi hatuoni sababu ya kulivua. Waya wa kinga wa mtandao uunganishwe na ethi ya boti mahali pamoja tu.

La tatu ni "kina", na hapa tunakiri kwamba nafsi zetu ziligawanyika. Baadhi yetu walitaka kifaa cha kupimia kina kiitwe "bildi", kwa kuwa ndilo jina la kale la pwani la ile kamba yenye chubwi waliyoitumia mabaharia kupimia maji. Ni neno tamu na lina haki ya umri. Lakini mvuvi wa Ukerewe au wa Kigoma hakulirithi, na mwongozo huu ni wake pia. "Kipimakina" kinaeleweka kwa wote bila kufundishwa. Tumekikubali, huku "bildi" ikibaki katika kamusi kwa heshima yake.

Hata hivyo suala zito si jina la kifaa, bali jina la kipimo. Rasimu inasema "kina cha maji" mahali pote, bila kusema kinapimwa kutoka wapi. Tuchukue boti ambayo kihisi chake kiko nusu mita chini ya uso wa maji, na mkuku wake uko mita moja na nusu chini ya uso huo. Kihisi kikisoma mita 2 hadi sakafu ya ziwa, basi kutoka uso wa maji ni mita 2 na nusu, na chini ya mkuku ni mita 1 tu. Vipimo vitatu, maji yale yale, nahodha mmoja. Asipojua skrini yake imepangwa kuonyesha kipi, ataamini ana mita 2 na nusu za usalama, ilhali mwamba uko mita moja kutoka mbao zake. Kwa hiyo twataka majina matatu kamili: "kina kutoka usoni", "kina kutoka kihisini" na "kina chini ya mkuku". Neno "kina" likiwa pekee lisionekane katika mwongozo wala katika skrini.

Taifa hili linajua gharama ya safari za majini. Mei 1996 tulipoteza MV Bukoba katika Ziwa Victoria, na Septemba 2018 tukapoteza MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara. Hatusemi kwamba misiba hiyo ilitokana na istilahi. Kusema hivyo kungekuwa kuwakosea heshima marehemu. Tunalosema ni kwamba mtumishi wa serikali anayepitisha mwongozo wa usalama wa majini akiwa Mtumba, umbali mkubwa kutoka maji yoyote ya kina, amebeba dhamana ya watu asiowaona. Njia pekee ya kuwaona ni kuyajaribu maneno.

Hapa ndipo tunapolazimika kujihakiki wenyewe. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya miaka ya 1970, tumefundishwa mpangilio wa kutafuta neno: kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Mpangilio huo umetufaa sana, wala hatuupingi. Lakini unatueleza neno litoke wapi. Hautuelezi neno likishapatikana lipimwe vipi. Mfasiri wetu aliufuata hatua kwa hatua. Chombo, uti wa mgongo, kizibo, mgongano, ardhi: yote ni maneno safi ya Kiswahili. Kila moja, likisimama peke yake katika orodha, lingepita. Yalipokutana ndani ya boti moja ndipo yalipoanza kugombea vitu.

Basi tunapendekeza kwamba kila rasimu ya istilahi za ufundi, kabla ya kusanifishwa, iulizwe maswali matatu. Mosi, je, neno hili lina mwenzake mahali hapo hapo pa kazi, ambaye tayari ameshika jina hilo? Pili, je, mafundi wa karibu hawana neno lao, hata kama ni la kukopa, ambalo limekwisha kuzoeleka? Tatu, je, yuko mtu aliyefanya kazi hiyo kwa kufuata maneno haya peke yake, mbele ya macho yetu? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, kwa sababu huhitaji meza, waya, na unyenyekevu wa kukaa kimya fundi anapokosea kwa ajili yetu.

Tuliirudia kazi ile baada ya wiki mbili, sentensi zikiwa zimeandikwa upya. Bila kumwambia fundi, tulikuwa tumebadilisha kikinza kimoja cha mwisho kwa kizibo. Alifunga tii, akachomeka matawi, na kabla ya kuwasha umeme akachukua mita kama alivyoagizwa. Ilisoma omu 120. Aliweka mita chini, akaenda ncha ya kushoto, akaikuta iko sawa. Akaenda ya kulia, akakitoa kizibo, akanyoosha mkono kudai kikinza. Hakuuliza neno lolote.

Rasimu imerudishwa kwa wenyewe pamoja na maoni haya. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wenzetu walioko Mwanza, Kigoma, Kyela, Tanga, Unguja na Pemba, na wavuvi wa Mtera kupitia kwao, watuandikie: tii, tawi, kikinza cha mwisho na kina chini ya mkuku mnaviitaje huko? Kama mna jina lililokwisha kufanya kazi, litashinda letu.